Florida 1992: Sheria Ilikuwepo, Paa Zikaenda

1/ Mjadala wa ujenzi ukianza, upande mmoja utasema sheria zimezidi, mwingine utadai sheria kali zaidi. Hebu tuangalie Florida, Marekani.

2/ Tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa jimbo hilo. Nyumba zaidi ya 60,000 ziliharibiwa kabisa. Kampuni kadhaa za bima zikafilisika. Na kumbuka, kanuni za ujenzi za huko zilihesabiwa kati ya kali zaidi nchini!

3/ Sasa shida ilikuwa wapi? Ukaguzi ulikuwa hafifu. Paa zingine zilishikiliwa na pini badala ya misumari, na misumari mingine hata haikushika mbao. Paa likishang'oka, upepo na mvua humaliza nyumba yote.

4/ Florida ikajirekebisha. Kanuni moja ya jimbo zima ilianza kutumika 2002. Kimbunga Charley kilipokuja 2004, nyumba mpya zilistahimili kuliko za zamani.

5/ Kwa hivyo mtu akiahidi sheria mpya jukwaani, mimi namuuliza: ni nani atapanda juu kukagua hiyo misumari, na bajeti yake iko wapi?