Frere Town, Mombasa: Makazi ya Misheni na Mipaka ya Uhuru

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na shirika la CMS, chini ya William Salter Price, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Kisauni. Jina lake linamkumbuka Bartle Frere, aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Makazi hayo yalikusudiwa kuwapokea watu waliookolewa na manowari za Uingereza. Walimu na mafundi wake wengi walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India.

Mahali palipochaguliwa panaeleza mengi kuliko nyaraka za waasisi. Mkono wa bahari uliyatenga makazi na Mji wa Kale, walikoishi wamiliki wa watumwa, bila kuyaweka mbali nao. Kengele ilitundikwa ili kuwatahadharisha wakazi dhidi ya uvamizi. Hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 1880 wamiliki walitishia kuyashambulia makazi kwa sababu ya watoro waliokimbilia huko.

Hata hivyo, hatari haikutoka ng'ambo pekee. Mwaka 1881 msimamizi wa makazi, J. R. Streeter, alichunguzwa kwa tuhuma za kuwachapa viboko wakazi. Historia inayosifu ukombozi hulipita jambo hili haraka mno. Waliookolewa walipata kanisa, shule na mashamba, lakini waliishi chini ya amri ya misheni.

Eneo ilipo kengele hiyo huitwa Kengeleni hadi leo.