Papenburg, Mji wa Kinamasi Ulioiunda Liemba

Kaskazini magharibi mwa Ujerumani, jirani na mpaka wa Uholanzi, mto Ems, ambao urefu wake toka chemchemi hata baharini ni kilomita 371 tu, hupita katika nchi tambarare isiyo na mlima wala jabali. Na huko, mahali ambapo mto bado hujaa na kupwa kwa amri ya Bahari ya Kaskazini, ndipo ulipo mji mdogo wa Papenburg.

Asili yake ni kinamasi. Mwaka 1631, Ujerumani ikiteketea kwa Vita vya Miaka Thelathini, Dietrich von Velen, aliyekuwa liwali wa nchi ile chini ya Askofu wa Münster, alimilikishwa ardhi hiyo iliyodharauliwa, akaazimia, kwa kufuata mfano wa Waholanzi, kuistawisha kwa mifereji. Mlowezi alipewa kipande chembamba cha ardhi, na faradhi yake ya kwanza ilikuwa kuchimba. Udongo mweusi wa pale, ambao ni mimea iliyooza na kushindiliwa kwa maelfu ya miaka, ulikatwa kwa sepetu vipande mfano wa matofali, ukaanikwa hata ukakauka, ukawa kuni za kupikia na kuota moto, nao ukapakiwa mashuani kwenda kuuzwa mbali. Maisha yalikuwa ya dhiki kubwa. Lakini mtu ambaye njia yake ni maji hana budi kujifunza kuunda vyombo.

Hivyo mifereji ikazaa mafundi. Mwaka 1795 Willm Rolf Meyer alianzisha kiwanda cha kuunda merikebu za mbao, na katika karne iliyofuata, ambapo viwanda vya namna hiyo vilijaa mjini, jamaa yake waliingia katika kazi ya chuma mapema, na kwa sababu hiyo wakabaki wengine walipotoweka.

Kiwandani humo, mwaka 1913, iliundwa meli Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli kuelekea Kigoma, ikifuatana na mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Iliteremshwa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipolazimika kukimbia, mafundi hao waliipaka mitambo grisi nene kabla ya kuizamisha meli karibu na mlango wa mto Malagarasi; na Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali mizima, hata Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Majina ya watatu hao yamehifadhiwa. Lakini meli ile haikuunganishwa Kigoma kwa mikono ya watu watatu, bali pia kwa jasho la mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ambao tarehe imewanyamazia. Basi kila mwenyeji wa Kigoma na Ujiji aliyerithi habari ya babu yake katika kazi ile, namsihi aiandike.