Tata, Tatiza, Tatua

Kipindi cha kwanza cha kompyuta huwa siwashi mashine. Naandika ubaoni neno moja: tata. Wanafunzi wangu hapa Ndanda wametoka sehemu mbalimbali. Wapo wa Masasi, wapo walioteremka kutoka Newala na vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, na majumbani mwao kuna Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera. Nawauliza uzi uliotatana uko vipi. Hakuna anayenipa maana ya kamusi. Wote huinua mikono na kusokotanisha vidole.

Basi chini ya neno hilo naongeza mengine: tatiza, tatizo, utata, tatanisha. Mwisho naandika tatua, kisha nanyamaza kidogo ili walitazame. Tatizo na tatua ni ndugu wa tumbo moja. Lugha yetu ilishatuambia kwamba tatizo ni fundo, na jibu ni fundo lililofunguka.

Wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega kitendawili, mwenzio akitegue. Ninachokipenda katika kauli hii ni kwamba haimruhusu mtu kuruka. Huwezi kutendua ambacho hakikutendwa, wala hufungui fundo vizuri kabla hujaona lilivyofungwa. Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea swali huku vidole viko tayari kwenye kibodi, humwambia: nieleze kwanza lilivyotatana.

Kuna zoezi nalifanya msimu wa korosho. Naleta bakuli la korosho ghafi, nawaambia waandike hatua za kuzipanga madaraja. Mmoja anaandika, mwingine anakuwa mashine: anatenda kilichoandikwa tu, bila kuongeza akili yake. Mwaka mmoja kijana aliandika, "Chukua korosho nzuri, weka kulia." Binti aliyekuwa mashine akachukua korosho moja, akaigeuzageuza, akabaki nayo mkononi. "Nzuri ndiyo ipi?" akauliza. Kijana alikasirika kidogo. Amekulia shambani, tangu utotoni amewaona wazazi wakichambua korosho kabla ya kuzipeleka ghalani, na kwake uzuri wa korosho hauna haja ya maelezo. Alikaa, akafuta, akaandika upya: "Chukua korosho moja. Ikiwa ina doa au imesinyaa, weka kushoto. Ikiwa haina, weka kulia. Rudia mpaka bakuli liishe." Mkono wa binti ukaanza kwenda.

Siku ile kijana aligundua kwamba alikuwa na ujuzi ambao hajawahi kuutamka. Kufundisha kompyuta, kwangu, ni hilo: kumsaidia mtu alitamke analolijua mikononi. Na neno la kazi ile lilikuwepo kabla ya mashine. Tunachambua mboga, tunachambua pamba, na mhakiki naye anachambua riwaya. Kote huko maana ni moja, kutenga hiki na kile kwa kigezo kinachojulikana.

Mpangilio wa hatua kama zile wataalamu huuita algoriti. Wanafunzi huliogopa neno hilo mpaka niwaambie kwamba limetoka kwenye jina la mtu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad katika karne ya 9, aliyeandika kwa Kiarabu juu ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Kiarabu hichohicho kilitupa sifuri, tarakimu na hesabu. Algoriti imefika kwetu kwa njia ndefu, kupitia Ulaya, lakini ikiingia inawakuta jamaa zake wameshakaa sebuleni.

Jina la mashine yenyewe nalo lina safari yake. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na katazo hilo likalegezwa baadaye. Mashine zilipokuja kwa wingi zilikuja na jina lao, na Tanzania ikasema kompyuta. Tarakilishi, neno lililoundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili, likapata wapenzi zaidi Kenya. Sigombani na neno lolote kati ya hayo. Jina la mashine linaweza kukopwa bila hasara kubwa, lakini kitenzi cha kufikiri kinahitaji kuwa na mizizi nyumbani.

Ndiyo maana nasitasita kwenye neno kitanzi. Wapo wanaolitumia kwa ile sehemu ya programu inayojirudia. Mwanafunzi akilisikia anaona kamba shingoni. Mimi husema kiitikio. Katika ngoma, mwimbishaji anatoa, wote wanaitikia, na kila mmoja anajua ni ishara gani itawanyamazisha. Kiitikio kisicho na ishara ya kukoma hakiishi mpaka alfajiri, na programu iko vivyo hivyo. Mtihani wa kidato cha nne wataujibu kwa Kiingereza, nami nawaandaa kwa hilo. Ila kwanza waelewe.

Limebaki jambo moja kuhusu tatua. Kitenzi hiki kina maana nyingine iliyo kwenye kamusi zetu: kuchana, kurarua nguo. Namkumbuka msichana ambaye programu yake iligoma, naye akaanza kufuta mistari yote kwa hasira. Nilimzuia mkono, nikamwandikia maana zote mbili kwenye daftari. Akazisoma. Kisha akarudisha alichofuta, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kushuka polepole, mstari kwa mstari, akiitafuta ncha ya uzi.