Meno ya sokwe wa Baringo

Juzi diski ya tarakilishi yangu ilikufa na mafaili yangu yote. Nikalalamika wee, kisha nikamkumbuka sokwe mtu.

Ukoo wake na wetu uliachana yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Muda wote huo sokwe wamezaliwa na kufa, lakini hadi mwaka 2005 hakuna aliyekuwa ametangaza hata jino lao moja la kale. Mwaka huo Sally McBrearty na Nina Jablonski walitangaza meno machache kutoka Kapthurin, karibu na Ziwa Baringo, yenye umri wa miaka kama 545,000. Basi, meno tu!

Mbona mabaki ya mababu zetu ni mengi hivyo? Jibu la kawaida ni msitu: udongo wake una unyevu na tindikali, huula mfupa kabla haujageuka jiwe. Baringo kulikuwa na matope ya ziwa ya kufukia, na majivu ya volkano ambayo wataalamu huyapima umri. Jino nalo ni gumu kuliko mfupa.

Leo Kenya haina sokwe mtu wa mwituni. Bila meno hayo tungeapa kwamba hawakuwahi kufika Bonde la Ufa.