Shule ya Ugenini na Darasa la Kurudi: Uteuzi wa Shule kwa Watoto wa Wanataaluma wa Kitanzania Wanaohamia Ujerumani kwa Muda

Utangulizi

Mhadhiri wa Tanzania anapopata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu nchini Ujerumani na kuamua kuondoka na familia yake, suala la shule ya watoto mara nyingi husubiri hadi viza, tiketi na nyumba vipatikane, na zamu yake ikifika huamuliwa kwa kutazama sifa ya shule iliyoko huko aendako. Makala hii inadai kuwa kigezo hicho hakitoshi. Familia inayohama kwa muda, yaani inayoondoka ikijua takriban lini itarejea, hushughulika na shule tatu kwa pamoja: inayoachwa, ya ugenini, na itakayompokea mtoto akirudi. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba shule hiyo ya tatu, ambayo ndiyo husahaulika, ndiyo inayopaswa kuongoza uteuzi wa ile ya pili. Miaka mitatu au minne ya uzamivu ni sehemu ndogo ya maisha ya mzazi, lakini kwa mtoto wa miaka saba ni takriban nusu ya umri wote aliokwisha kuishi, na ni karibu nusu au zaidi ya elimu yake ya msingi.

Njia zilizopo na mipaka yake

Kwa mtazamo wa kwanza mzazi ana njia nne: shule ya serikali iliyo karibu na makazi yake, shule ya kimataifa, kumfundisha mtoto nyumbani kwa vitabu vya Tanzania, au kumwacha nchini kwa ndugu au katika shule ya bweni. Kumfundisha nyumbani kumezuiwa na sheria, kwa kuwa majimbo ya Ujerumani humtaka mtoto aliyefikia umri wa kusoma ahudhurie shule, isipokuwa katika hali chache mno. Shule ya serikali haitozi ada, na katika majimbo mengi mtoto wa shule ya msingi hupangiwa shule kwa kufuata anwani ya makazi, hivi kwamba mzazi anayetia saini mkataba wa nyumba huwa ameshachagua na shule. Aidha, tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria hudai uthibitisho wa chanjo ya surua kwa kila mwanafunzi, jambo linaloifanya kadi ya kliniki kuwa hati ya kubebwa pamoja na cheti cha kuzaliwa na ripoti za shule.

Shule za kimataifa hufuata mitaala isiyofungamana na nchi moja, kama vile ule wa International Baccalaureate, taasisi iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968 ikiwalenga hasa wanafunzi wa familia zinazohamahama, au hutumia mitihani ya Cambridge. Ada zake, hata hivyo, huzidi uwezo wa posho ya mwanafunzi wa uzamivu, na kwa kawaida njia hii huwafaa wale ambao mwajiri huwalipia, kama wanadiplomasia na watumishi wa mashirika ya kimataifa.

Lugha, umri na mchujo wa mapema

Mwaka 1979 Jim Cummins, msomi wa elimu ya lugha aliyefanya kazi yake kubwa nchini Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto huitumia uwanjani na dukani, na lugha ya taaluma, ambayo huhitajika kusoma maelezo ya sayansi au kuandika insha. Kwa makadirio yake, mtoto mhamiaji huimudu ya kwanza kwa takriban miaka miwili, ilhali ya pili huchukua miaka mitano hadi saba. Tofauti hii ina uzito wa pekee kwa familia ya muda, kwa sababu muda wa uzamivu hutosha kumpa mtoto Kijerumani cha kuchezea na hautoshi kumfikisha kwenye Kijerumani cha kusomea.

Umri wa kuwasili ndio huamua uzito wa pengo hilo. Mtoto anayefika akiwa na miaka sita huanza kusoma na kuandika pamoja na wenzake na hana mengi ya kufidia. Anayefika akiwa na miaka tisa hukutana na mfumo ambao, katika majimbo mengi, shule ya msingi humalizika darasa la nne, kisha wanafunzi hugawanywa katika aina tofauti za sekondari, ikiwemo Gymnasium, ambayo ndiyo huelekeza chuo kikuu. Berlin na Brandenburg huchelewesha mgawanyo huo hadi mwisho wa darasa la sita, na miaka hiyo miwili inaweza kuwa tofauti kati ya mtoto kupimwa kwa akili yake na kupimwa kwa upungufu wa lugha. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa umri huo na nafasi katika zaidi ya chuo kikuu kimoja ana sababu ya kielimu ya kulinganisha majimbo.

Wakati huohuo Kiswahili cha taaluma husimama. Mtoto anayeendelea kuzungumza Kiswahili mezani hajifunzi kwa mazungumzo hayo maneno kama kigawanyo, kipeo na usanisinuru, na akirudi darasa la tano katika shule inayofundisha kwa Kiswahili hujikuta anajua hesabu asiyoweza kuisoma. Hata alama hubadilika: shule za Ujerumani huandika kuzidisha kwa nukta moja na kugawanya kwa nukta mbili, na Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi, hivyo ishirini na moja huanza na moja. Katika ripoti ya shule alama ya 1 ni ya juu kabisa na ya 6 ni ya chini kabisa, na mwalimu mkuu wa Morogoro asiyeelezwa hivyo anaweza kumshusha darasa mwanafunzi hodari.

Hoja ya shule ya Kiingereza

Wapo watakaopinga kuwa, kwa kuwa sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza na watoto wengi wa wanataaluma husoma shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, shule ya kimataifa ingemaliza tatizo lote. Hoja hii ina nguvu kwa mwanafunzi wa sekondari, na mwajiri anapolipa ada hakuna sababu ya kuikataa. Hata hivyo, Kiswahili ni somo linalotahiniwa hata katika shule za mchepuo huo, na shule ya kimataifa ya Ujerumani kwa kawaida haikifundishi, kama isivyokifundisha shule ya serikali. Kwa njia yoyote ile jukumu hilo hubaki kwa mzazi, anayeweza kulitimiza kwa vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinavyosomeka katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo, mradi atenge saa maalumu za wiki na mtoto aandike, asiishie kusoma tu.

Kalenda nayo huweka masharti yake. Mwaka wa masomo wa Tanzania huanza Januari, mtihani wa kumaliza darasa la saba kwa kawaida hufanyika Septemba na ule wa kidato cha nne Novemba, ilhali mwaka wa Ujerumani huanza Agosti au Septemba. Mwanafunzi aliyekwisha kuingia kidato cha tatu anakaribia mtihani ambao masomo yake, mpangilio wake na upimaji wake endelevu havina mwenzake ugenini, na kwake kubaki bweni au kwa ndugu hadi amalize huwa na madhara madogo kuliko kuukatiza. Uamuzi huo ni mchungu kwa familia, lakini unastahili kujadiliwa waziwazi na mtoto mwenyewe kabla ya tarehe ya safari kupangwa. Anayemalizia sekondari nje hupaswa kukumbuka kuwa cheti chake kitahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Wajibu wa umma

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 29 kuwa elimu imjengee mtoto heshima kwa lugha na utamaduni wake, kwa maadili ya nchi anamoishi na kwa yale ya nchi alikotoka. Baadhi ya mataifa yameligeuza lengo hilo kuwa utaratibu. Japani ina shule zake za kutwa nje ya nchi na madarasa ya Jumamosi kwa watoto wanaosoma shule za wenyeji, na huwapatia watoto hao vitabu vya kiada bila malipo, kwa kuwa inatarajia warudi. Sweden huzitaka manispaa zitoe somo la lugha ya nyumbani ikiwa wapo wanafunzi wasiopungua watano na mwalimu anayefaa.

Nchini Ujerumani Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu, vikiwemo vya Leipzig na Bayreuth, maana yake wataalamu wa lugha hii wapo katika miji ileile ambamo watoto wa Kitanzania wanaipoteza. Ubalozi na jumuiya za Watanzania zikishirikiana na idara hizo zinaweza kuendesha darasa la Jumamosi kwa gharama ndogo.

Hitimisho

Uteuzi wa shule uanze na swali la darasa gani, la lugha gani na la mwezi gani mtoto atarejea, ndipo shule ya ugenini ichaguliwe kwa kuzingatia jibu hilo. Kwa mtoto mdogo jibu litakuwa shule ya serikali ya mtaani pamoja na Kiswahili cha kuandikwa nyumbani, na kwa aliye karibu na mtihani wa taifa litakuwa kuahirisha safari yake. Vyuo vikuu vya Tanzania, ambavyo humtaka mtumishi anayeomba ruhusa ya masomo aeleze mpango wake wa utafiti na tarehe ya kurejea kazini, vinapaswa kumpa ushauri wa namna hiyo kuhusu watoto wake, kwa sababu mhadhiri anayerudi na shahada huku mwanawe amepoteza miaka miwili ya masomo ameigharamia shahada hiyo kwa elimu ya mtu mwingine.