Mgeni Kichwani: Kutoka Degedege Hadi Sinema za Viumbe wa Anga

Niko huku Guangzhou. Joto na unyevu ni kama Tanga mwezi wa pili.

Leo tuzungumze historia kidogo. Vijana wa nyumbani wameniuliza mara nyingi kuhusu yule fangasi wa The Last of Us, mchezo wa 2013 uliogeuzwa tamthilia mwaka 2023. Anaingia kichwani mwa watu, anawaendesha kama gari. Wamesikia Wachina wanamtumia kama dawa, wanauliza kama ni kweli.

Ndugu yake ni kweli yupo. Nenda soko la Qingping, wilaya ya Liwan hapa mjini, utamkuta anauzwa kwa gramu, na bei yake si ya mchezo. Wanamwita dongchong xiacao, yaani mdudu wa majira ya baridi, jani la kiangazi. Ni kiwavi wa nondo wa milima ya Tibet. Fangasi humla akiwa ardhini, kisha kijiti kinachomoza kichwani mwake. Aina nyingine hushika sisimizi: sisimizi anapanda mmea, anang'ata jani, anafia hapo hapo, na fangasi anatoa kijiti chake. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba fangasi huyo hujazana kwenye misuli ya sisimizi, ubongo hauingii. Binadamu hawezi kumwendesha namna hiyo, kwa hiyo laleni usingizi.

Hadithi za viumbe kutoka anga za juu wanaotawala watu zilishamiri Marekani wakati wa hofu ya ukomunisti. Mwaka 1951 Robert Heinlein alitoa The Puppet Masters, ambamo viumbe kama konokono wasio na gamba wanajibandika mgongoni mwa watu na kuwaamuru. Mwaka 1956 ikaja sinema ya Invasion of the Body Snatchers: jirani yako ana sura ile ile, lakini si yeye tena. Kwenye sinema za namna hii dawa mara nyingi ni kumkimbia au kumuua aliyeingiliwa.

Ila wazo lenyewe ni la kale mno. Mashariki ya Guangzhou kuna mlima Luofu, na huko karne ya 4 aliishi tabibu na mwanazuoni Ge Hong. Aliandika juu ya "maiti watatu", viumbe wasioonekana wanaokaa ndani ya kila mtu. Wanataka mwenye mwili afe mapema ili wawe huru, kwa hiyo siku maalumu hupanda mbinguni kushitaki makosa yake. Waliokuja baadaye wakawagawia makao: mmoja kichwani, mmoja kifuani, mmoja tumboni.

Na sisi watu wa Pwani je? Tuna pepo, na lugha yetu inasema yote. Pepo "anapanda", na mtu aliyepandwa anaitwa "kiti". Zanzibar kuna hata kibuki, pepo wanaosemwa walitoka Bukini. Lakini angalieni tofauti na sinema. Kwenye ngoma pepo anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, anapewa, anatulia. Kiti hauawi. Ngoma ikiisha, mama yule anarudi kupika chakula cha watoto wake. Wazee wetu walikuwa na ubinadamu.

Shida inakuja mgeni anapokuwa kimelea wa kweli. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Uganda, walianza kuona wagonjwa wa malale: mtu anabadilika tabia, analala mchana, anachanganyikiwa, anakufa. Mwaka 1903 ikajulikana kimelea chake hubebwa na mbung'o na hufika mpaka kwenye maji ya uti wa mgongo. Robert Koch alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906 na dawa ya Atoxyl, na baadhi ya wagonjwa iliwapofusha. Serikali ya kikoloni ikahamisha watu pwani ya ziwa kwa amri. Walikufa zaidi ya watu 200,000. Leo ipo dawa ya vidonge, fexinidazole, na mwaka 2022 WHO ilithibitisha kwamba aina ya malale ya gambiense si tishio tena kwa afya ya jamii Uganda.

La karibu zaidi na sisi ni degedege. Mnajua tulivyoambiwa: kivuli cha ndege kimempitia mtoto, ni shetani, na akichomwa sindano atakufa. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi niliona watoto wanaletwa siku ya tatu, wameshafukizwa na kuogeshwa dawa, na mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Siwalaumu mama zao. Walimwona mtoto anageuza macho na kukakamaa, wakasema huyu si mwanangu. Nani asingesema hivyo?

Sasa sikieni hili. Yule yule Ge Hong aliandika pia dawa ya homa: shika konzi moja ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Sentensi hiyo ilimsaidia Tu Youyou kupata artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1974 daktari Li Guoqiao, wa chuo cha tiba asilia hapa hapa Guangzhou, aliijaribu kwa wagonjwa wa malaria ya ubongo. Dawa zilizotokana nayo ndizo zilizomo kwenye dawa mseto mnayomeza.

Basi naomba neno moja kwenu. Mtoto mwenye homa akianza kukakamaa au kuweweseka, hospitali kwanza, saa ile ile. Mbwa akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbilie chanjo, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza sisi wauguzi hatuna la kufanya. Kama bado mnataka kumwita shehe au mchungaji aombe, mwiteni aje aombee wodini. Mgonjwa bado ni mtoto wenu, hata akiwa hawatambui.

Nisalimieni wote, na bibi mwambieni simu yake nimeipata.