Klachi inayojikanyaga

Klachi inayojikanyaga ni mfumo wa gari la gia za manyuo ambamo kompyuta hufungua na kufunga klachi na kubadili gia badala ya mguu na mkono wa dereva. Gari la namna hii lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, kwa hiyo wengi hulidhania kuwa la oto. Ndani, hata hivyo, mna pleti ya msuguano na giaboksi ileile ya manyuo. Tofauti hiyo hujitokeza gari linapoondoka, hasa likiwa la spoti, na zaidi likiwa mlimani.

Utendaji

Katika oto ya kawaida nguvu ya injini hupita kwenye konvata iliyojaa oili, na oili huvumilia gari kujivuta polepole. Klachi ya manyuo hufanya kazi kwa kubanwa: presha pleti huibana pleti ya klachi kwenye flaiwili, gurudumu linalozunguka pamoja na injini. Kabla ya kushika kabisa, pleti huteleza kwa muda mfupi. Ni katika muda huo gari huondoka taratibu au huruka, na ni hapo pleti huungua. Kompyuta hulinganisha mizunguko ya injini na ile ya shafti ya giaboksi, kisha huamuru mota ya umeme au pampu ya hadroliki iilegeze au iibane klachi.

Gari la spoti huipa kompyuta kazi ngumu. Flaiwili yake huwa nyepesi, hivyo mizunguko ya injini hushuka ghafla klachi inaposhika, na gia yake ya kwanza mara nyingi ni ya mwendo mkubwa.

Historia

Ferrari ilileta mfumo huu kwenye F355 mwaka 1997. Toyota iliuweka kwenye MR-S mwaka 2000, bila pedali ya klachi. Mwaka 2001 Volvo ilitoa I-Shift kwa malori; kompyuta yake huchagua gia ya kuondokea kwa kupima mzigo na mwinuko.

Kuondoka bila kushtuka

Dereva huachia breki kabisa, kisha hukanyaga mafuta kidogo na kwa uthabiti mpaka klachi ishike. Akikanyaga na kuachia, kompyuta hudhani amebadili nia. Hufungua klachi na kuifunga tena, na gari huruka. Kwenye foleni ni afadhali kusubiri nafasi ipatikane na kuondoka mara moja kuliko kusogea kila hatua. Kurudi nyuma ukipanda ndiko kunakoichosha klachi zaidi.

Katika nyanda za juu za Kigoma

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kasulu na Kibondo zimepita mita 1,200. Gari linalotoka Kigoma mjini, kandokando ya ziwa, kwenda huko hupanda, na msimu wa mvua, kuanzia Novemba, udongo mwekundu wa barabara za vijijini huteleza. Katika milima kama hii, dereva wa lori lililosimama na shehena hautegemei mguu wake peke yake. Utingo huruka chini na gogo, hulikita nyuma ya tairi, na dereva hulegeza pedali ya klachi hadi asikie injini ikizama kidogo. Hapo huachia hendbreki, lori husogea mbele, na utingo huokota gogo lake na kulikimbilia lori.

Baadhi ya magari ya klachi inayojikanyaga hushikilia breki kwa sekunde chache dereva anapohamisha mguu; hilo ndilo gogo lao. Yasiyo nalo huhitaji hendbreki. Kosa kubwa ni kulizuia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki: katika konvata oili hupata joto, lakini hapa pleti hubaki ikiteleza, na harufu ya klachi kuungua huingia ndani ya gari.

Matunzo

Pleti inapolika, mahali inaposhikia husogea. Mguu wa dereva huzoea badiliko hilo polepole bila yeye kujua. Kompyuta huhitaji kupimiwa upya. Kwa hiyo fundi akishafunga klachi mpya huunganisha mashine ya uchunguzi na kuifundisha kompyuta mahali pa kushika. Hatua hiyo ikirukwa, klachi mpya inaweza kushtua gari kuliko ile kuukuu iliyotolewa.